Kofia ya Mzaramo na Gari la Mikate

Kilosa tumejaliwa mengi. Reli tunayo, mto tunao, na vumbi tunalo la kuwagawia majirani wote na likabaki. Lakini kitu kimoja hatukumgawia mtu, nacho ni Mwanakheri binti Mlekwa. Huyo alikuwa wetu, na anayebisha bila shaka ni mtu wa Morogoro mwenye wivu.

Usidhani alikuwa mtu wa cheo. Alikuwa muuza vitumbua pale stesheni, mama mfupi mwenye sauti inayofika kabla yake. Babu yake alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara ya zamani, aliyeingia Kilosa na kidonda mguuni, akaambiwa apumzike kidogo. Akapumzika mpaka akazikwa. Kwa hiyo Mwanakheri alizaliwa Kilosa, akaolewa Kilosa mara mbili, lakini ukimuuliza kabila anakutajia Unyamwezi, nchi ambayo hakuwahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Alikuwa na sababu zake. Unyamwezi ndio uliompa watani.

Wasagara, wenye ardhi ile, ni watani wa Wanyamwezi. Wazaramo wa huko pwani ndio kabisa. Na mtani, kama ulikulia mjini ukakosa malezi, ni mtu anayekutukana ukakosa pa kumshtaki. Anakukamatia kuku wako, nawe unacheka, kesho unakwenda kumkamatia wake. Ila siku ya msiba mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe, ndiye anayepika, ndiye anayewachekesha waliolia mpaka macho yakavimba. Mwanakheri alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Wakati mmoja alishuka kwenye kaburi la Msagara fulani tajiri, akajilaza humo, akasema udongo mzuri namna hii ni dhambi kumpa Msagara. Wana wa marehemu walicheka huku wanatokwa na machozi, wakamtoa kwa kumlipa beberu.

Na alikuwa na jicho. Treni ikisimama, katika abiria wote waliochungulia madirishani, alimjua yupi atalipa kitumbua na yupi atakitafuna mpaka treni iondoke. Watu wanasema alikosea mara moja tu katika kumsoma binadamu, na huyo alimwoa.

Azimio la Arusha lilipotangazwa, watu wakaanza kuhamia vijiji vya ujamaa, Mwanakheri naye alifunga karai lake akahamia kijiji cha Juhudi, ng'ambo ya mto Mkondoa, upande wa kwendea Lumuma. Wakamchagua kwenye kamati. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mathayo, Msagara mrefu aliyesoma hadi darasa la sita. Mathayo alikuwa mtu mzuri, ila hoja yake yoyote, hata ya mahali pa kuchimba choo, ilianzia darasa la sita.

Masika ya kwanza kijijini, Raheli, mke wa Lazaro dereva wa trekta, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Wakamlaza kwenye machela kumpeleka hospitali ya Kilosa. Mkondoa ulikuwa umefurika. Daraja lilikuwapo, lakini mbali huko chini, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Wakangoja maji yapungue. Mtoto hakungoja. Alizaliwa pale ukingoni, wala hakulia. Mwanakheri ndiye aliyeshika mti wa machela upande wa kichwani, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akitania habari ya mto.

Ndiyo maana pamba ilipouzwa mwaka uliofuata, mkutano haukubishana sana. Wengine walitaka mashine ya kusaga, lakini Raheli alipita mbele ya mkutano kwenda kisimani, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana tena. Likapita azimio la gari.

Gari lipi, sasa? Lazaro alikuwa na jibu tayari. Pale njia panda ya Mikumi, malori yanayopeleka mafuta Zambia yanaposimama ili madereva wapate kula na kupoza injini, alikuwapo mfanyabiashara mmoja, Kondo Mwinyimvua, aliyekuwa akiagiza magari yaliyokwisha kutumika Ulaya. Aliyashusha melini Dar es Salaam akayaleta Mikumi, kwa kuwa Mikumi ndiko wenye fedha za safari walikopita. Bei zake zilikuwa za chini mno, hata zikawatisha watu. Nusu ya Juhudi ilisema Kondo ni mjinga, nusu ikasema ni mwizi, na nusu zote mbili hazikuwa zimemwona.

"Analo moja jekundu," Lazaro aliiambia kamati. "La mashindano. Hayo yanashindana porini, yanaruka makorongo, matope yanayakata kama kisu. Linakwenda kama risasi. Kama lingekuwapo mwaka jana..."

Ukimtazama vizuri, hesabu yake haikuwa ya kijinga. Mgonjwa anataka kuwahi, na hakuna linalowahi kuliko gari la mashindano. Kamati ilitikisa kichwa kukubali. Mwanakheri peke yake aliuliza lina viti vingapi, akaambiwa asilete mambo ya vitumbua.

Wakatumwa watatu kwenda Mikumi: Mathayo mwenyekiti, Lazaro dereva, na Mwanakheri. Ndani ya basi Mathayo alimgeukia.

"Bi Mwanakheri, leo ni kazi ya kijiji. Nimesoma mpaka darasa la sita, najua biashara ni kitu cha heshima. Sitaki utani."

"Sawa, mtumwa wangu."

"Ndio huohuo!"

"Nimesikia, bwana mkubwa. Nitafunga mdomo kama Msagara anayeombwa chumvi."

Walimkuta Kondo akinywa chai kwenye kibanda kando ya barabara, mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kichwani kofia nyeupe ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Nyuma yake magari kadhaa, na mbele ya yote lile jekundu, fupi, limelala chini kama chui anayenyemelea, namba ya mashindano ingali ubavuni. Kondo alimwamkia Mwanakheri shikamoo, akamvutia kigoda kivulini, akamwagizia chai. Mwanakheri aliitikia marahaba, akaketi, akaanza kumsoma.

Mathayo alimpima kwa njia yake. Alitazama viatu, kwa sababu aliamini mwizi hana muda wa kupaka dawa viatu. Vilikuwa vinang'aa. Kisha akauliza: "Ndugu, wewe ujamaa unauelewaje?" Kondo akajibu vizuri, mpaka Mathayo akatamani kuyaandika. Akaridhika. Halafu akaingiwa na wasiwasi, kwa kuwa jibu lilikuwa zuri kupita la katibu wa chama.

Lazaro alifungua boneti, akasikiliza injini, akaifunga, akazunguka, akarudi. Alipopitisha kiganja kwenye bodi jekundu, Mwanakheri akajua yule kijana amekwisha. Alikuwa ameshauona uso ule mara moja tu, siku Lazaro alipomwoa Raheli.

Basi kazi yote ikambakia yeye, naye alikuwa ameshindwa. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kukaanga, alikutana na mtu asiyesomeka. Kwa Mathayo, Kondo alikuwa mwanasiasa, kwa Lazaro alikuwa fundi, kwake yeye alikuwa mtoto mwema wa mama yake. Kila mmoja alipewa uso anaoupenda. Mtu wa namna hiyo, aliwaza Mwanakheri, unaweza kukaa naye kutwa ukabaki umejitazama mwenyewe. Na Lazaro alikuwa ameshashika ufunguo, na Mathayo alikuwa ameshapeleka mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, kwenye pamba ya kijiji kizima.

"Baba," Mwanakheri akasema, "kwenu wapi?"

"Dar es Salaam, mama."

"Dar es Salaam ni bandari. Nakuuliza walikozikwa wazee."

Kondo akatabasamu. "Maneromango."

"Mzaramo?"

"Mzaramo hasa, mama."

Mathayo aliona linalokuja, akasema, "Bi Mwanakheri, nakuomba..." lakini alikuwa amechelewa. Kigoda kilikwisha kuanguka.

"Mzaramo!" Sauti yake ilifika kwenye malori. "Mtumwa wangu anakaa kivulini, anakunywa chai, mimi Mnyamwezi bwana wake nimekuja na basi! Lete hiyo kofia!" Akaipokonya kichwani, akaivaa juu ya mtandio, akaenda moja kwa moja kwenye gari jekundu, akaingia, akafunga mlango. "Na gari nimechukua. Endeeni na mazungumzo yenu ya ujamaa."

Mathayo alifumba macho. Alikuwa akiona pamba, gari na heshima ya darasa la sita vikienda pamoja.

Lakini Kondo, kwanza alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Halafu uso ule wa biashara ukamdondoka, ukatoka mwingine, wa mtu wa Maneromango. Akaja mbio mpaka dirishani.

"Toka garini, mpagazi we! Babu yako alibeba pembe za ndovu kichwani mpaka shingo ikazama kifuani, ndiyo maana umezaliwa huna shingo!"

"Babu yangu alibeba, akafika Kilosa na kidonda mguuni! Wako alikaa njiani anangoja kitakachoanguka!"

"Na kiti hicho utakivunja. Hakikutengenezewa makalio yaliyoumuka kama vitumbua."

"Kiti gani, kama kitanda cha paka! Gari lenyewe limelala chini, limechoka kama wewe."

"Lisichoke vipi? Liliviringika Ulaya kama mlevi anayetoka ngomani!"

"Likaumia?"

"Uti wa mgongo umeungwa kwa moto, kama ule mguu wa babu yako uliowaleta Kilosa! Likipigwa na korongo la kweli hapa, mbele itafika, nyuma itafuata kesho!"

Madereva wa malori walikuwa wamekusanyika, wanashika mbavu. Lazaro mwenyewe alicheka. Mathayo alikuwa na haya mpaka masikio. Wote walisikia utani. Mwanakheri peke yake, nyuma ya usukani, kofia imemfunika mpaka nyusi, alisikia alichotaka kusikia. Akaacha kucheka. Akateremsha kioo mpaka mwisho, akasema polepole, kwa sauti ambayo hata Mathayo hakuwa anaijua.

"Mtani, nisikilize. Gari hili ni la kumbeba mwanamke mjamzito. Mumewe ni huyo hapo. Mtoto wa kwanza tulimpotezea njiani, machela nilishika mimi, kwa hiyo Raheli ni mwanangu. Akifia humu, hatutakupeleka polisi. Nitapanda basi mwenyewe mpaka Maneromango, nikulete Juhudi, na jembe nitakukabidhi wewe. Msiba wangu, mtani wangu, utachimba wewe."

Malori mawili yalipita. Vumbi lilipotua, Kondo alikuwa bado anatazama ardhi. Kisha akamwendea Lazaro, akamfungua vidole taratibu, akachukua ufunguo.

"Hili siwauzii."

"Mbona ulikuwa unatuuzia sasa hivi?" Mathayo akauliza.

"Ndugu mwenyekiti, mwenye kuuliza namwambia. Asiyeuliza ananunua uzuri, na uzuri upo, unauona."

"Sisi hatukuuliza?"

"Uliniuliza habari za ujamaa."

Akawaongoza nyuma ya magari yote, kwenye kitu kilichofunikwa turubai. Akafunua. Lilikuwa gari la mikate, refu kwenda juu, bapa usoni, rangi ya ndizi iliyoiva ikapitiliza, na ubavuni picha ya mkate iliyobabuka ikabaki nusu. Alipofungua milango ya nyuma kikatokea chumba kizima, mtu angeweza kulala chali na mkunga akakaa pembeni. "Mikate ya Wazungu ni laini," Kondo akasema, "kwa hiyo springi zake ni laini. Halijapata kukimbia maishani mwake. Lakini halijapata kulala njiani."

Lazaro karibu alie. "Hilo ni kobe!"

Mathayo alimvuta Mwanakheri kando. "Huu ndio ujanja wenyewe. Wanakuonyesha zuri, wanajifanya wanakuhurumia, wanakuuzia bovu. Nimesoma mpaka..."

"Najua ulikofika, Msagara. Sasa sikiliza mimi nilikofika. Mwongo akitaka kukuuzia anakutazama mfukoni au usoni. Huyu nilipomtajia Raheli alitazama chini, pale jembe linapoingia. Chukua gari."

"Na dhamana?"

Mwanakheri akagusa kichwa chake. Kofia ile, ikaja kujulikana, ilishonwa na mama yake Kondo kwa ajili ya baba yake, na wote wawili walikuwa chini ya minazi ya Maneromango. Alipoambiwa itabaki Kilosa, Kondo hakucheka tena.

"Mama, hiyo ni ya marehemu mzee."

"Ndiyo maana naitaka. Mvua za kwanza zikinyesha utakuja kutazama gari lako linavyokanyaga tope. Mtoto akizaliwa salama, utapewa kofia. Uongo?"

"Kweli," akasema Kondo, kichwa wazi juani.

Mvua za vuli zikanyesha. Kondo hakuja. Gari la mikate likaanza kulalia upande mmoja, likawa linakwenda kama bibi anayeumwa kiuno. Lazaro akampelekea Kondo habari Mikumi kwa dereva wa lori. Juhudi nzima ikawa na la kusema. Wale wa mashine ya kusaga walikuja kuwa wengi kuliko walivyokuwa siku ya mkutano. Mathayo alimtania kila akipita: "Mtumwa wako katoroka! Mkalie eda!" Mwanakheri alijibu matusi yake kama kawaida, lakini jioni aliichukua kofia, akaigeuzageuza, akatazama ile kazi ya sindano ya mwanamke aliyekufa, akajiuliza kama jicho lake limezeeka. Raheli alikuwa hawezi tena kuinama. Jicho hilo likiwa limekosea tena, safari hii hangeolewa na kosa lake. Angelizika.

Vuli ilikuwa imekwisha kupita pale mtu alipoonekana anakuja kwa miguu kutoka upande wa darajani, tope mpaka magotini, begani amebeba springi ya chuma iliyofungwa kwa kamba kama mtu anayebeba mbuzi. Basi lilikuwa limekwama mbali huko. Kichwa kilikuwa wazi.

"Umechelewa, mtumwa!" Mwanakheri alipiga kelele toka mlangoni, na waliokuwapo wanasema sauti ilipasuka katikati.

"Springi ilikuwa melini! Ulitaka nikate ya gari jekundu nikuletee? Nipe maji, mpagazi. Leo nimeijua kazi ya babu yako."

Akalala chini ya gari siku hiyo na ya pili yake, Lazaro akimpa vifaa kwanza kwa kununa, baadaye kwa maswali mengi. Akaondoka bila kofia. Hakuiomba, kwa kuwa mtoto alikuwa bado.

Raheli alishikwa na uchungu katikati ya masika, asubuhi, mvua inamwagika. Mkondoa ulifurika vilevile. Safari hii hawakusimama ukingoni. Lazaro alishika usukani, Mwanakheri akakaa nyuma na Raheli juu ya godoro, na gari la mikate likaanza kuzunguka kwenda darajani. Nani alisema kukimbia? Lilikwenda kama mtu anayebeba maji ya kunywa. Likaingia shimo moja, likatoka, likaingia jingine, likapumzika kidogo kama linafikiri, likatoka. Mahali tope lilipopanda, gari fupi lingekaa kitako mpaka kiangazi. Hili lilipita limenyanyua nguo zake. Lazaro alikanyaga polepole, jasho linamtoka kwa kujizuia, na kila Raheli alipopiga kelele Mwanakheri aligonga bati: "Usikimbie, baba! Usikimbie! Tunafika!"

Wakafika. Mtoto alizaliwa hospitali ya Kilosa kabla ya adhuhuri, wa kiume, akalia mpaka wauza vitumbua wa stesheni wakasikia, au ndivyo wanavyodai. Walimbatiza Samweli, lakini Juhudi hakuna aliyelitumia jina hilo. Walimwita Boflo, yaani mkate, kwa ajili ya ile picha ubavuni mwa gari.

Lile jekundu alilinunua kijana mmoja wa Ruhembe, mwenye miwa na mapenzi ya kutazamwa. Aliuliza, akaambiwa kila kitu, akanunua hivyohivyo. Wanasema lilikatika katikati ya mashamba, na mbele ilifika nyumbani kama ilivyoahidiwa. Hakumlaumu Kondo hata siku moja.

Kondo alikuja kudai kofia yake. Mwanakheri akamwambia, "Nilisema mtoto. Nilisema yupi?" Akaja mwaka mwingine, Raheli ana mwingine, akaambiwa mkataba ulimaanisha wote wa kijiji. Kila mwaka alikuja, akatukanwa, akatazama springi, akala ubwabwa, akarudi kichwa wazi. Biashara ya magari ya nje ilipokufa, bado alikuja. Gari la mikate lilibeba akina mama wengi wa Juhudi kabla ya kuchakaa.

Mwanakheri alifariki vijiji vya ujamaa vilipokuwa vimeanza kuchoka, na Boflo ameota ndevu. Habari zilikwenda Maneromango kwa dereva wa lori. Asubuhi ya maziko Mathayo, mzee sasa, alikuwa ameshavua koti, ameshika jembe, kwa kuwa Msagara naye ni mtani halali. Akasikia sauti nyuma yake.

"Weka hilo chini, mzee wa darasa la sita. Jembe ni langu. Tulikubaliana Mikumi."

Wakagombania mpini pale mbele ya watu wote, wazee wawili, mpaka waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Kondo akashinda. Alichimba muda mrefu bila kutukana mtu. Maiti ilipoletwa, akasimama mbele ya jeneza, akatandaza mikono.

"Haipiti. Mpagazi huyu ana kofia ya baba yangu."

Raheli akaenda mbio nyumbani, kwenye sanduku la nguo la marehemu. Kofia ilikuwa juu ya nguo zote, nyeupe, imefuliwa na kutiwa wanga. Kondo akaivaa. Ilikuwa imebana kidogo. Akaisogeza huku, akaisogeza kule, akapisha njia, kisha akaingiza bega lake chini ya jeneza, upande wa kichwani, mbele ya Boflo.

"Mzito huyu," akasema. "Vitumbua vyote alikuwa anakula mwenyewe."